Mia na Ishirini kwa Saba

Nina hasira, na nataka hilo lijulikane tangu mwanzo, mtu asije akadhani nasimulia haya nikiwa nimetulia na kikombe changu cha kahawa. Na ubaya wa hasira hizi ni kwamba hazina pa kwenda. Kila nikitafuta wa kumgombeza, njia inazunguka na kunirudisha kwangu mwenyewe, Haroub Khatibu, mwalimu wa hesabu wa skuli ya Kichanjaani, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Alhamisi ile barua ya Baraza la Mitaala iliingia kwenye kioo changu cha kuandikia saa mbili asubuhi, watoto wakiwa bado wanafuta vumbi mezani. Majina thelathini na moja ya darasa la tano. Thelathini wamepelekwa Mkondo wa Usanifu. Nilishaanza kutabasamu peke yangu kama mwehu, kwa sababu hakuna skuli kisiwani iliyowahi kupata idadi hiyo. Kisha nikafika kwenye jina la mwisho. Kazija Shaame, Mkondo wa Huduma. Sababu: hasahihishiki.

Niseme ukweli, sikushtuka. Nilisema moyoni, si nilimwambia? Mtoto mkaidi yule, kila nikipita mezani kwake anabishana na kioo. Nilimsimamisha ukutani mara mbili muhula ule. Nikazima barua, nikaandika tarehe ubaoni.

Mama yake hakupiga hodi. Bi Mkasi aliingia darasani na mkeka kauvingirisha begani, akaubwaga juu ya meza yangu mpaka vioo viwili vikaanguka.

"Maalim, huu mkeka wa nani?"

"Assalamu alaykum, Bi Mkasi."

"Waalaykum salaam. Wa nani?"

"Wa Kazija. Si ameubuni mwenyewe, Msusi akausuka, nawe ukaushona?"

"Kazija anasema si wake. Juzi tumemfanyia hitima yake, kamaliza msahafu, nyumba imejaa wageni mpaka uani. Nimemtandikia mkeka wake aukalie. Kakaa sakafuni! Mbele ya mashangazi zake wote. Namvuta mkono, ananiambia, mama, huo wa mtu mwingine, sikalii."

Kwetu mtoto anayehitimu hukalia mkeka mpya, na tangu mtambo wa Msusi uletwe maskulini hukalia ule aliouandika mwenyewe. Kuukataa mbele ya wageni ni kumvua mama nguo. Nilimwonea haya Bi Mkasi, na nilimkasirikia Kazija zaidi.

"Ndio tabia yake," nikasema. "Na leo imemponza." Nikampa barua aisome.

Aliisoma taratibu, mdomo ukicheza. Alipoinua uso sikumjua.

"Huduma," akasema. "Atanyang'anywa kioo?"

"Daftari la Baraza linafungwa leo saa tisa. Baada ya hapo atapewa kioo cha kupokea."

Nilitamka kama nasoma ratiba. Kioo cha kupokea kinakujibu ukikiuliza, kinakuonesha pa kwenda na cha kufanya. Lakini hukiamuru. Hukiambii nisukie, nichongee, nijengee. Mtoto akishapewa hicho hatabuni hata mwiko wa kupikia mpaka anaingia kaburini. Kazija ana miaka kumi.

Bi Mkasi aliukunjua mkeka pale pale mezani. "Mimi nashona tangu nina miaka saba," akasema, "na nikishona nahesabu, siwezi kujizuia. Mwanangu aliniambia kabla, mama, utaona ua linapanda kwa mshazari, kila mzunguko linasogea kidogo. Nikashona usiku na mchana nikilisubiri lisogee. Halikusogea. Tazama. Yamesimama mstari mmoja kama watoto wa gwaride. Sasa wewe ndiye mwalimu, niambie, mwanangu hajui hesabu au kuna mtu kamchezea?"

Nikamwita Kazija.

*

Nieleze kidogo, maana wengine hamjaona ukili siku hizi isipokuwa kwenye picha.

Mkeka wetu hausukwi mzima. Husukwa ukili, utepe mwembamba na mrefu wa miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, kisha ukili huo hushonwa kuzunguka, ukingo kwa ukingo, kama unavyozungusha bandeji mkononi. Ukimaliza unakata upande mmoja, unatandaza. Mikindu yenyewe ilikufa maji ya chumvi yalipopanda, siku hizi miyaa tunaotesha kwenye mapipa nyuma ya skuli, lakini kazi ni ile ile. Mtoto anaandika amri kwenye kioo: ua langu lina hatua ngapi, mzunguko mmoja una hatua ngapi, rangi hii ipite juu, hii ipite chini. Msusi, ambaye ni mtambo wenye vidole kumi na viwili vya chuma na watoto humsemesha kama mtu, anasuka kilichoandikwa. Mama anashona.

Na hesabu iko hapo hapo, huhitaji kuitafuta. Ua la hatua nane kwenye mzunguko wa hatua mia na ishirini linaingia mara kumi na tano, hakuna kinachobaki, kwa hiyo ua la mzunguko wa pili linakaa juu ya ua la kwanza sawasawa. Kukibaki kitu, yanapishana. Mtoto anaishika baki kwa vidole vyake. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kwenye mikutano, na watu wakipiga makofi.

Kazija alikuja na mkoba wake wa vitabu. Mwembamba, macho makubwa, kucha zimeliwa.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Kwa nini umemtia mama yako aibu?"

"Mkeka si wangu."

"Umeandika wewe!"

"Mimi niliandika mia na ishirini. Msusi kafanya mia na kumi na tisa."

"Msusi hawezi kubadilisha..." nikaanza, nikaishia hapo, kwa sababu anaweza. Nilijua kwamba anaweza. Nilikuwa nimejitia hamnazo miaka mingi mpaka nikasahau kweli.

Kazija alitoa kopo la maziwa mkobani. Kalizungushia ukili alioukusanya kutoka kwenye vipande vya kutupa na kuusuka kwa mkono, wenye ua jekundu la hatua saba. Ukili wenyewe si mzuri, umelegea hapa na pale. Lakini ua lilianza chini ya kopo na kupanda kwa mshazari, mzunguko baada ya mzunguko, bila kukosea hata mara moja, mpaka kwenye mdomo wa kopo.

"Kopo lina hatua kumi na tano," akasema. "Saba mara mbili kumi na nne, inabaki moja. Hiyo moja ndiyo inasukuma ua. Kila mzunguko linasogea moja. Mzunguko wa nane linarudi lilipoanzia. Nikataka mkeka ufanye hivyo hivyo, nikatafuta namba kubwa inayobakisha moja kwa saba. Mia na ishirini. Saba mara kumi na saba mia na kumi na tisa, inabaki moja."

Mama yake akalichukua kopo, akaligeuza geuza. "Lo!" akasema tu.

"Ulimwambia nani?" nikauliza.

"Wewe, Maalim. Ukaniambia nisibishane na kioo."

*

Msusi ana daftari la ndani. Mwalimu anaruhusiwa kulisoma, na hakuna mwalimu anayelisoma, mimi nikiwa wa kwanza. Nililifungua watoto walipotoka mapumziko.

Humo ndani mna kitu kinaitwa Huruma. Jina nililitoa mimi. Miaka kumi na sita nyuma nilikuwa na mwanafunzi akiitwa Shazili Mbarouk, mtoto wa kulia. Kila ukili wake ukitoka umekwenda upande, machozi. Alifika mahali akilia kabla Msusi hajaanza kusuka. Siku moja alijifungia chooni mpaka baba yake akaitwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikakaa jioni tatu nikaandika mistari arobaini ya amri: Msusi akiona kosa dogo, asahihishe kimya kimya, abadilishe na namba kwenye kioo cha mtoto, mtoto asijue. Shazili akaacha kulia. Nikajiona malaika.

Lakini Msusi atajuaje kosa ni lipi? Nikampa mikeka ya marehemu mama yangu aisome, mia moja na mitatu. Mama alizaa wanaume watupu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa naye ukumbini kusuka, na wenzangu wakinicheka mpaka wakachoka. Mama alikuwa na sheria moja: ua na ua yakutane kwenye mshono. Mkeka usiokutana aliufumua mbele ya aliyeushona, hana habari kama analia. Basi Msusi akajifunza kwa mama yangu kwamba baki ni aibu, na yoyote atakayoikuta aifute.

Mnaona? Nimefundisha baki kwa miaka ishirini na mbili, na miaka kumi na sita ya hiyo nimefundisha kwa mtambo usioruhusu baki. Nikiwaza hilo natamani kupiga ngumi ukuta.

Baraza waliipenda Huruma, wakaitia kila skuli. Kisha wakaongeza kipimo chao juu yake bila kuniuliza, na mimi sikuuliza. Mtoto akisahihishwa akanyamaza, anahesabiwa kaelewa. Akirudisha namba yake ya mwanzo, anahesabiwa karudia kosa. Kazija alikuwa na masahihisho kumi na tisa, yote ni lile lile. Mia na ishirini, Huruma ikaandika mia na kumi na tisa, akairudisha, ikambadilishia, akairudisha. Ya kumi na moja ilikuwa tarehe nane, saa nne na robo. Tarehe nane saa nne na nusu ndiyo nilimsimamisha ukutani.

Katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyegundua. Na ndiye aliyefeli.

Nikashuka chini kwenye orodha, ingawa sikutaka. Wengine walikuwa na masahihisho themanini, mia, mia na arobaini. Hakuna aliyerudisha hata namba moja. Karibu na mwisho nikakuta jina la binti yangu, Thuwaiba Haroub. Mia mbili na kumi na mbili.

*

Bi Zaina, mwalimu mkuu wetu, alinisikiliza mpaka mwisho, miwani kaishika mkononi.

"Omba apimwe upya," akasema.

"Nimeshaomba. Mkaguzi yuko njiani. Lakini kanuni haimruhusu kuzima Huruma kwa mtoto mmoja. Ikizimwa, inazimwa kwa darasa, na matokeo ya darasa zima yanafutwa na kuandikwa mapya."

Aliiweka miwani mezani. "Watoto thelathini, Maalim."

"Najua idadi yao."

"Wataporomoka wote. Leo leo. Thelathini kwa mmoja! Na wako yumo, au umemsahau?"

"Bi Zaina, usinitaje mwanangu."

"Nisimtaje nani? Wazazi watakuja hapa kukuchana, na watamtaja wao. Kazija mtafutie njia nyingine. Muhula ujao andika barua."

"Muhula ujao hana kioo! Ataomba kwa lipi?"

Bi Zaina alirudisha miwani usoni. Si mwanamke mbaya. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonipandisha wazimu, maana kama angekuwa na roho mbaya ningemfokea nikatoka. Nilitoka bila kufoka. Nilitoka nimeamua kumuacha Kazija aende. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, sijipambi. Nilijiambia thelathini ni wengi, mmoja ni mmoja, atazoea.

Thuwaiba alikuwa kwenye ngazi za darasa anakula muhogo. Skuli ananiita Maalim kama wenzake, ndivyo tulivyokubaliana. Nikakaa karibu naye.

"Ua lako la mwisho lina hatua ngapi?"

"Tisa, Maalim."

"Na mzunguko?"

"Mia na ishirini."

"Mia na ishirini kwa tisa, inabaki ngapi?"

Akanitazama akitafuna. Alidhani namtania.

"Si ya kuhesabu hiyo," akasema. "Unaandika namba yoyote, inakaa sawa."

"Inakaa sawa vipi?"

"Inakaa tu. Kila mtu anajua. Hata ukiandika elfu." Akacheka. "Kazija ndiye anajisumbua."

Mtoto wangu, niliyemuota akiwa mjenzi wa mabwawa ya kuzuia bahari. Atapewa kioo cha kuandika kesho kutwa, na siku moja ataandika unene wa ukuta, namba yoyote, kisha atatazama aone kama imekaa sawa. Nikarudi ofisini kwa Bi Zaina.

"Nazima," nikasema.

*

Mkaguzi alifika saa saba na nusu, shati limenyooka, kioo cha Baraza kifuani. Alipoingia aliinama kunibusu mkono.

"Maalim wangu! Hunikumbuki? Shazili. Shazili Mbarouk."

Ya Rabi. Nikamtazama nikamuona yule yule wa chooni, isipokuwa sasa ana ndevu. Alikuwa na furaha ya kweli. Aliwaambia watoto kwamba mimi ndiye niliyempendesha hesabu, kwamba kabla ya mkono wangu alikuwa akilia kila siku, na tangu darasa la tano hajawahi kukosea tena. Nilitamani sakafu ipasuke nipotelee humo.

Aliweka kidole kwenye Msusi, akasoma kanuni kwa sauti, na Huruma ikazimwa. Hakuna taa iliyobadilika. Watoto hawakujua hata kwamba kitu kimetokea.

Ukili wa kwanza ulitoka, na maua yake yakaanza kupandana. Watoto wakacheka. Wa pili ukajisokota ukawa kama kamba ya mbuzi. Wa tatu ukajifunga fundo, vidole vya Msusi vikakwama, nikalazimika kukata kwa mkasi. Kufika wa sita hakuna aliyekuwa akicheka. Mtoto mmoja akasema Msusi kaharibika. Mwingine akasema kalogwa. Shazili alikuwa anaandika tu, kosa, kosa, kosa, na uso wake unazidi kukunjamana.

Dirishani walishakusanyika wazazi. Nani aliyewaita sijui, Kichanjaani habari haihitaji kuitwa.

Wa Thuwaiba ulikuwa wa ishirini na nne. Maua ya hatua tisa, mazuri moja moja, lakini nilipouzungusha ukili kwenye kigezo cha mkeka, duara la kupimia mzunguko, kila ua lilikuta nafasi ya katikati, halikukutana na lolote. Aliushika kwa ncha za vidole kana kwamba ni wa mtu mgonjwa.

"Baba," akasema, kasahau kuniita Maalim. "Huu si wangu."

"Ndio wako, mwanangu."

"Si wangu! Wangu yanakutana!"

"Hayajawahi kukutana, Thuwaiba. Nilikuwa nikiyakutanisha mimi."

Alinikata jicho ambalo sitalisahau, akaenda akakaa chini pembeni, kashika ukili wake mapajani.

Kazija alikuwa wa mwisho. Aliandika mia na ishirini, akasubiri huku akiangalia namba yake, kidole tayari kuirudisha. Haikubadilika. Akaangalia tena. Kisha akatazama kwangu, na nikamwashiria aendelee. Ukili ulitoka mrefu, mwekundu na mweupe, nikauzungusha kwenye kigezo mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ua likasogea. Hatua moja, hatua moja, hatua moja. Mzunguko wa nane likakaa juu ya lile la kwanza kabisa, kimya, mahali pake. Bi Mkasi dirishani akapiga kigelegele kimoja, akakikata katikati aliponiona uso.

Kioo cha Shazili kikasema: kosa.

"Inasema kosa, Maalim," akasema kwa masikitiko. "Maua hayakutani."

"Hakutaka yakutane. Alitaka baki moja. Kioo chako kimesoma kwa mama yangu, hakijui kingine. Kanuni inasemaje mkaguzi akipingana na kioo?"

"Aandike hesabu yake mwenyewe kwa mkono, aitie sahihi."

"Basi andika. Mia na ishirini kwa saba."

Nikampa chaki. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Alisimama mbele ya ubao. Aliandika mia na ishirini, akaandika saba. Nilimuona anatazama kioo kifuani pake, nacho kimefungwa, maana hesabu ya mkono haisaidiwi. Jasho likamtoka shingoni. Watoto thelathini na moja wanamtazama, na wazazi wao. Akaandika saba mara kumi, sabini. Akafuta. Akaandika tena. Alikuwa ananong'ona kama mtoto. Mwisho akageuka.

"Kumi na sita," akasema. "Mia na kumi na mbili. Inabaki nane."

Mdomo wangu ulishafunguka. Jibu liko kwenye ulimi. Miaka kumi na sita nyuma nilimuona mtoto huyu huyu kwenye hali hii hii, na mkono wangu ukawahi. Nikauma meno.

Ni Kazija aliyesema. Hakusema kwa kejeli. Alimfuata ubaoni na kopo lake la maziwa.

"Nane haiwezi kubaki, Ami," akasema. "Ndani ya nane mna saba nyingine. Itoe."

Shazili aliizungushia ile nane duara kwa chaki. Saa ukutani iliingia dakika ya arobaini na nane. Kisha akaandika saba chini ya nane, akachora mstari, na chini ya mstari akaandika moja. Chaki ikavunjika mkononi mwake.

"Moja," akasema. Akageukia ukili kwenye kigezo, akaweka kidole juu ya ua, akakipandisha mzunguko hadi mzunguko, kikisogea hatua moja kila mara. "Moja. Ndiyo hii moja?"

"Ndiyo hiyo," Kazija akasema.

Hapo akanitazama. Sikuona shukrani tena usoni mwake. "Maalim," akasema polepole, "mimi nilikuwa nakosea?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Daftari lako lipo, ukitaka kuliona."

Shazili alitia sahihi hesabu yake, akaliandika jina la Kazija Shaame kwenye Mkondo wa Usanifu kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa. Kisha akafika kwenye majina ya wale thelathini, kalamu ikasimama. Dakika nne zilibaki. Bi Zaina alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Shazili akaandika neno moja mbele ya kila jina: asubiri.

"Muhula mmoja," akaniambia. "Kanuni hainipi zaidi. Nitarudi kuwapima mwenyewe, bila Huruma. Atakayeshindwa atapewa kioo cha kupokea, na sitamwonea haya mtu." Akafunga kioo chake. Mlangoni alisimama. "Ungeniacha nilie, Maalim," akasema, akaondoka.

*

Wazazi walinipata kama alivyosema Bi Zaina. Niliitwa mchawi, niliitwa mwizi wa elimu, mmoja aliuliza kama nimelipwa na watu wa Huduma. Wote walitaka kujua kwa nini nimezima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini niliwasha. Nilisimama nikapokea. Bi Mkasi aliondoka na mwanawe mapema, akiwa na ukili mpya umezungushwa mkononi, na hata yeye hakunishukuru. Nilikuwa nimemwonesha daftari la Msusi, akasema tu, "Kumi na tisa, Maalim. Mtoto kakwambia mara kumi na tisa."

Nilirudi darasani kuchukua koti. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka mezani. Thuwaiba alikuwa bado pale chini pembeni. Kaufumua ukili wake wote, kaiweka miyaa mia na ishirini makundi makundi sakafuni, kila mwaa hatua moja, tisa kwa kila kundi. Hakuinua kichwa.

"Niache," akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinifika kidevuni. Alikuwa anahesabu makundi kwa kidole. Alifika mia na nane, akaongeza kundi jingine, mia na kumi na saba. Akahesabu iliyobaki. Mwaa mmoja ulikuwa umejificha chini ya goti lake, hakuuona.

"Inabaki mbili," akasema. Akanitazama. "Eti?"

Niliuona mwaa ule kutoka pale nilipokaa. Ningeweza kuusukuma kwa ncha ya kiatu, asijue. Macho yake yalikuwa mekundu, na mdomo ulishaanza kutetemeka, ule mtetemeko ninaoujua mimi kuliko mwalimu yeyote kisiwani.

"Hesabu tena," nikamwambia, na mikono yangu nikaikalia.